Mfanyabiashara mdogo wa chai na deni lake kwa mchumaji

Mtu anayenunua magunia machache ya chai kwa mwaka, akaifungasha kwenye pakiti zenye jina lake na kuiuza, huwa na jibu moja akiulizwa ana wajibu gani kwa mchumaji wa majani hayo: "Mimi ni mdogo mno." Jibu hilo si la kubezwa. Hata sheria ziko upande wake. Sheria ya Uingereza ya 2015 kuhusu utumwa wa kisasa inazitaka kampuni zieleze kila mwaka zinachukua hatua gani dhidi ya kazi za kulazimishwa, lakini inazigusa zile tu zenye mauzo ya kuanzia pauni milioni 36. Ile ya Ufaransa ya 2017 inaanzia kwenye kampuni zenye maelfu ya wafanyakazi. Mdogo hakuandikiwa lolote.

Njia ya chai nayo inamtetea. Kilo moja ya chai kavu hutoka kwenye kilo nne hadi tano za majani mabichi, na kiwandani majani ya mkulima mmoja huchanganyika na ya wenzake wengi. Kisha huja mnada, kama ule wa Mombasa unaouza chai ya nchi kadhaa za Afrika, halafu wachanganyaji wanaotafuta ladha isiyobadilika mwaka hadi mwaka. Mpaka gunia limfikie, nani atamwambia lilichumwa na mkono wa nani?

Wengi humshauri anunue chai yenye cheti, yaani iliyothibitishwa na wakaguzi kwamba shamba lake linafuata masharti ya kuwatendea haki wafanyakazi na kutunza mazingira, basi. Sidharau vyeti, viko vilivyoleta fedha za ziada kwa vijiji na kuwabana wenye mashamba kuhusu viuatilifu. Lakini Februari 2023 uchunguzi wa BBC ulifichua kwamba wanawake zaidi ya 70 walisema wamenyanyaswa kingono na wasimamizi wao kwenye mashamba ya chai nchini Kenya, na mashamba hayo yalikuwa na vyeti. Mkaguzi wa cheti ni mgeni wa siku chache. Mwanamke ambaye kibarua chake kimo mikononi mwa msimamizi atamwambia nini mgeni huyo, na kesho yake abaki na nani?

Kwa hiyo wapo wanaosema heri kununua moja kwa moja kwa mkulima au kiwanda kidogo. Naipenda njia hii, ila ina uongo wake. Mnunuzi mdogo huchagua daraja la juu peke yake, chai nyingine akamwachia mkulima aitafutie soko kivyake. Naye akitembelea shamba huonyeshwa anachotakiwa kukiona, sawasawa na mkaguzi.

Hata hivyo, udogo unampunguzia nguvu tu. Ukweli bado ni wajibu wake. Picha ya mwanamke anayetabasamu katikati ya majani ya kijani, kwenye pakiti ya mtu asiyejua hata chai yake imetoka nchi gani, ni udanganyifu, na hakuna sheria ya kampuni kubwa inayohitajika ili uitwe hivyo. Aandike anachokijua: nchi, kiwanda kama anakifahamu, msimu. Asipojua, aache kuandika "chai ya haki".

Kulipa kwa wakati ni zito zaidi, ingawa halisemwi sana kwa sababu halipendezi kwenye pakiti. Kiwanda kidogo kikikaa miezi mitatu bila kulipwa, nacho humchelewesha mkulima, na mkulima humchelewesha kibarua. Kila mmoja kwenye mnyororo huo ana wa kumlaumu, isipokuwa kibarua. Hapa mfanyabiashara mdogo hawezi kusema hana uwezo. Siku ya kulipa anaipanga mwenyewe.

Linalonisumbua ni pale habari mbaya zinapomfikia kuhusu shamba analonunua. Akiondoka, shamba halitashtuka, maana magunia yake hayahesabiki, na akibaki, fedha zake zinaendelea kumlisha msimamizi yuleyule. Naegemea upande wa kubaki kwa muda maalumu: aulize kwa maandishi ni hatua gani zimechukuliwa, awatafute wanunuzi wadogo wenzake waulize lilelile, na aweke tarehe ya kuondoka ikiwa hakuna jibu. Barua moja hutupwa. Zikifika kumi zenye swali moja, kiwanda kidogo kinachotegemea wateja wa aina hiyo hakina njia ya kuzipuuza.