Data za wazi za matangazo mubashara na michezo ya mtandaoni: haki ya kujua na haki ya kutofuatiliwa

Mwaka 2021 watafiti Jérémie Rappaz, Julian McAuley na Karl Aberer waliweka hadharani seti ya data iliyokusanywa kutoka Twitch, jukwaa ambako watu hutangaza mubashara, hasa wakicheza michezo ya kompyuta. Kwa siku 43, kila baada ya dakika 10, programu yao iliorodhesha chaneli zote zilizokuwa hewani na akaunti zote zilizokuwa zimeingia katika gumzo la kila chaneli. Kilichopatikana ni kumbukumbu za watazamaji milioni 15.5 na watangazaji 465,000, zikionyesha ni nani alimtazama nani, alianza lini na aliondoka lini. Watazamaji walipewa namba badala ya majina ya akaunti zao, lakini majina ya watangazaji yaliachwa kama yalivyo. Hakuna aliyeulizwa kati yao, na kwa kuwa orodha ya waliomo kwenye gumzo ilionekana wakati huo na yeyote aliyeitaka, hakuna kufuli lililovunjwa.

Je, seti za namna hii ziendelee kukusanywa na kuachwa wazi kwa umma? Wanaozitetea na wanaozipinga wote wana hoja nzito, ila mara nyingi wanabishana kana kwamba data zote ni za aina moja. Namba ya watazamaji wa chaneli na mwenendo wa mtu mmoja kwa miezi kadhaa ni vitu viwili tofauti, na anayevipima kwa mizani moja ataishia ama kufungua kila kitu au kufunga kila kitu.

Faida ya kufungua si ya kudhaniwa tu. Tafiti nyingi kuhusu michezo ya kompyuta zilitegemea wachezaji kukadiria wenyewe muda wanaocheza, na makadirio hayo hayaaminiki sana. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha uchunguzi wa wachezaji 38,935 wa michezo saba, wakitumia muda uliorekodiwa na kampuni zenyewe badala ya kumbukumbu za wachezaji, na hawakuona dalili kwamba wingi wa saa za kucheza unabadilisha ustawi wa mtu kwa kiwango cha maana. Mtu anaweza kutokubaliana na hitimisho hilo. Lakini kwa kuwa data na hesabu zake zimewekwa wazi, anayepinga anaweza kuzirudia mwenyewe badala ya kubishana kwa hisia, na hilo lina uzito wakati ambapo Shirika la Afya Duniani limekwisha kuingiza uraibu wa michezo katika orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022.

Sheria nazo zinahitaji kupimwa. Mwaka 2019 China iliweka kikomo cha dakika 90 kwa siku kwa watoto wanaocheza mtandaoni, na mwaka 2021 ikakaza zaidi hadi dakika 60 tu za jioni katika siku chache za wiki. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature Human Behaviour ulipitia zaidi ya saa bilioni 7 za uchezaji zilizorekodiwa na kampuni ya teknolojia ya michezo, na haukupata ushahidi wa kuaminika kwamba kikomo cha 2019 kilipunguza uchezaji wa kupindukia. Bila data hizo, serikali nyingine zinazotamani kuiga hatua ile zingebaki na tangazo la waliotunga sheria peke yake. Hata hivyo, data zilizotumika hazikuwa na umri wa wachezaji, hivyo watafiti hawakuweza kuwatenganisha watoto na watu wazima. Kasoro hiyo inafundisha zaidi kuliko matokeo yenyewe, kwani kile kilicholinda faragha ya wachezaji ndicho kilichodhoofisha jibu la swali lililoulizwa. Kila anayesema tuondoe tu alama za utambulisho kisha tufungue data ana deni la kueleza afanye nini pale ambapo alama hizo ndizo zinazobeba jibu.

Upande wa wapinzani unaanza na ukweli unaopuuzwa kirahisi: kumbadilisha mtu kuwa namba hakumfichi. Mwaka 2008 Arvind Narayanan na Vitaly Shmatikov walionyesha kwamba data za filamu zilizotolewa na Netflix, zikiwa zimeondolewa majina ya wateja, zingeweza kuunganishwa na watu halisi kwa kutumia alama chache tu walizozipa filamu mahali pengine. Data za matangazo mubashara ni rahisi zaidi kuunganishwa kwa sababu zina saa kamili. Mtazamaji aliyeandika katika gumzo la chaneli tatu kwa nyakati zinazojulikana ameacha nyayo ambazo huenda hakuna akaunti nyingine duniani inayofanana nazo, na akishatambuliwa kwa hizo tatu, chaneli nyingine zote alizozitazama kimyakimya zinafunguka pia.

Saa zenyewe husema mengi. Seti moja ya zamani, iliyofuatilia wahusika 91,065 wa mchezo wa World of Warcraft huko Taiwan kati ya Januari 2006 na Januari 2009 kwa kuchukua sampuli kila baada ya dakika 10, imetumiwa kwa miaka mingi na wahandisi wanaotaka kutabiri msongamano wa seva. Hayo ni matumizi ya heri. Lakini yeyote aliyekaa na rekodi ya miaka mitatu ya mtu mmoja anaweza kukisia analala saa ngapi, ni lini aliacha kazi ya mchana, na ni wiki zipi alitoweka kabisa. Mchezaji wa mwaka 2006 alijua kwamba wenzake waliokuwa ndani ya mchezo walimwona alipoingia. Kuonekana na watu waliopo ni jambo moja, na kuandikwa katika daftari lisilofutika ni jambo lingine, ingawa vyote viwili hufanyika mahali palipo wazi.

Kwa watangazaji hatari ni ya moja kwa moja zaidi. Katika majira ya kiangazi ya mwaka 2021 makundi ya akaunti bandia yalikuwa yakivamia chaneli za Twitch na kujaza matusi ya kibaguzi kwenye gumzo, kiasi kwamba watangazaji waliitisha mgomo wa siku moja tarehe 1 Septemba. Orodha inayoonyesha chaneli ndogo, lugha yake, saa zake za kawaida na watazamaji wake waaminifu ni chombo cha mtafiti, na ni chombo cha mvamizi pia. Hapa naona watetezi wa uwazi wana jibu dhaifu. Husema kwamba mtangazaji amejitoa mwenyewe hadharani, lakini mtu anayetangaza kwa watazamaji 12 hajakubali masharti yale yale na anayetangaza kwa 40,000, hata kama jukwaa limewasajili wote wawili kwa fomu moja.

Data zilizoibwa huleta ugumu wa aina nyingine. Oktoba 2021 Twitch ilidukuliwa, na miongoni mwa vilivyomwagwa mtandaoni zilikuwamo rekodi za malipo ya watangazaji kuanzia mwaka 2019. Mwaka 2023 makala katika jarida la Scientific Reports ilizitumia kuchunguza tofauti za kipato, na ikaonyesha jinsi fedha zinavyojikusanya kwa wachache mno. Ni maarifa ambayo watangazaji wapya wanastahili kuyapata, na jukwaa halikuwa limeyatoa kwa hiari. Binafsi nakubali matumizi hayo pale matokeo yanapobaki katika jumla, na nayakataa pale kipato cha mtu mmoja anayetajwa kwa jina kinapogeuzwa jedwali la kuchezewa.

Wanaopenda data hizi wanapaswa pia kukumbushwa kwamba wingi si ukweli. Akaunti kuwamo katika orodha ya gumzo si uthibitisho kwamba kuna mtu anayetazama, kwa kuwa kichupo cha kivinjari kilichosahaulika huhesabiwa pia, na asiyeingia kwa akaunti haonekani kabisa. Juu ya hayo zipo roboti: mwezi Aprili 2021 Twitch yenyewe ilitangaza kuzibaini akaunti zaidi ya milioni 7.5 zilizotumika kughushi wafuasi na watazamaji. Seti iliyokusanywa kabla ya usafishaji huo imebeba uongo ambao mkusanyaji hana njia kamili ya kuuondoa. Kisha kuna swali la matumizi. Mtandao wa urafiki wa akaunti 168,114 za Twitch, uliokusanywa mwaka 2018 na kuchapishwa na Benedek Rozemberczki na Rik Sarkar, umekuwa uwanja wa mazoezi wa algorithimu, yaani kanuni za hesabu za kompyuta, zinazojifunza kutoka kwenye mitandao ya mahusiano. Kazi zake ni pamoja na kutabiri kama mtangazaji anatoa maudhui ya watu wazima. Sina hakika kwamba dunia ilikuwa na kiu ya utabiri huo, lakini kama kipimo cha kulinganisha algorithimu umefanya kazi yake.

Majukwaa nayo hayakukaa kimya. Tangu mwaka 2015 tovuti ya Steam Spy, iliyoanzishwa na Sergey Galyonkin, ilikuwa ikichukua sampuli za wasifu wa wachezaji wa Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, na kukadiria kila mchezo unamilikiwa na watu wangapi. Kwa watengenezaji wadogo hiyo ilikuwa dira adimu, maana takwimu za mauzo katika tasnia hii ni siri. Aprili 2018 Valve, mmiliki wa Steam, ilibadilisha mipangilio ili orodha ya michezo ya mtu ifichwe hadi yeye mwenyewe aamue kuifungua, na mbinu ya sampuli ikafa siku hiyo; tovuti iliendelea kwa makadirio ya njia nyingine yasiyo na usahihi ule wa awali. Mwaka 2023 Twitch nayo iliifunga njia ya zamani ya kupata orodha ya waliomo kwenye gumzo, ikaacha njia mpya inayohitaji idhini ya msimamizi wa chaneli. Seti kama ile ya siku 43 haiwezi tena kukusanywa kwa namna ileile.

Ukiwa mchezaji, hatua zote mbili ni za kukulinda, na sioni sababu ya kuzibeza. Tatizo ni kwamba zimemzuia kila mtu isipokuwa kampuni. Valve bado inajua kila mchezo ulionunua na kila saa uliyoutumia, na Twitch bado inajua ulikuwa chaneli gani usiku wa manane. Kilichopungua ni idadi ya watu wa nje wanaoweza kuhoji madai yao, wala mwenendo wa wachezaji haukuacha kurekodiwa. Faragha ikiwa ni ukuta wa upande mmoja namna hii, anayefaidika zaidi ni yule aliye ndani na daftari.

Ipo njia ya tatu, na mifano yake ni ya kweli. Lichess, tovuti huru ya sataranji isiyolenga faida, hutoa kila mwezi michezo yote iliyohesabiwa katika viwango vya wachezaji, kuanzia mwaka 2013 hadi leo, chini ya leseni ya kuachia haki zote. Michezo hiyo imepita bilioni 5. Majina ya akaunti yamo, lakini mchezaji anaweza kujua tangu mwanzo kwamba hiyo ndiyo desturi ya mahali pale. Kutokana na data hizo ulizaliwa mradi wa Maia wa mwaka 2020, programu inayojaribu kucheza kama binadamu wa kiwango fulani badala ya kutafuta hatua bora kuliko zote. Mfano wa karibu zaidi na maswali ya afya ni seti ya mwaka 2023 ya mchezo wa PowerWash Simulator: wachezaji 11,080 kutoka nchi 39 walikubali kwa hiari kutumia toleo la utafiti lililorekodi matendo yao na kuwauliza mara kwa mara wanajisikiaje, na data zikatolewa kwa umma baadaye.

Pingamizi la haki dhidi ya njia hii ni kwamba wanaojitolea si wachezaji wote. Mtu aliyelemewa na mchezo kiasi cha kuuficha kwa familia yake hatajiandikisha katika utafiti, na huyo ndiye tunayetaka kumwelewa. Ridhaa pia hupunguza ukubwa wa data. Kampuni ya akili bandia ya OpenAI, ilipoifundisha programu yake kucheza mchezo wa Minecraft mwaka 2022, ilitumia takriban saa 2,000 za uchezaji wa watu waliolipwa, kisha ikaongeza saa 70,000 za video zilizochukuliwa mtandaoni, ambazo wenyewe hawakuulizwa.

Nikipima yote hayo, naona takwimu za chaneli kwa jumla, yaani idadi ya watazamaji, saa za kutangaza na aina ya mchezo, zinafaa kubaki wazi kwa yeyote, angalau kwa chaneli zilizovuka ukubwa fulani. Mwenendo wa mtu mmoja mmoja haufai kupakuliwa na kila apitaye. Utolewe kwa mtafiti aliyetambulika, kwa maombi, na kwa saa zilizokatwa hadi kiwango ambacho swali lake linahitaji. Kampuni nazo zisiachiwe hiari ya kukataa. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, katika kifungu chake cha 40, tayari inayalazimisha majukwaa makubwa mno kuwapa data watafiti waliohakikiwa, lakini kigezo chake ni watumiaji milioni 45 kwa mwezi ndani ya Umoja huo, na huduma nyingi za michezo hazikifikii. Kwa hizo, kinachobaki ni haki ya kila mtu, chini ya kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika mwaka 2018, kudai nakala ya data zake mwenyewe na kuitoa kwa mtafiti amtakaye. Haki hiyo ni nzito kuitekeleza kwa mtu mmoja mmoja, na kwa mtoto inamhitaji mzazi, ambaye mara nyingi hajui hata akaunti zipo ngapi.