Pima Uvungu Kwanza, Mkoba Baadaye

Mkoba wangu wa kwanza wa kuwekea picha kubwa niliununua kwa sababu ya mpini. Sioni haya kulisema. Ulikuwa mweusi, una zipu inayozunguka pande tatu, mkanda wa begani, mfuko wa nje wa kutia daftari na kalamu, na mpini mnene uliojaa kiganjani. Nilijiona msanii hata kabla sijatia kitu ndani. Nikaujaza mabango na picha za chapa ishirini na kitu, nikafunga zipu, nikausimamisha nyuma ya mlango na kuusahau kwa mwaka na ushei.

Nilipoufungua, harufu ndiyo iliyotangulia: harufu ya plastiki mpya, kama pazia la bafuni linalotolewa kwenye pakiti. Kisha nikaona umbo. Karatasi zote zilikuwa zimeteremka, zikakalia ukingo wa chini na kupinda kama upinde. Halafu ikaja ile inayoniuma mpaka leo, chapa moja ya skrini yenye wino mzito mwekundu, ule wino unaosukumwa kupitia kitambaa cha wavu hadi unatuna juu ya karatasi. Niliivuta itoke kwenye mfuko wake wa plastiki, ikakataa. Nikavuta tena kidogo, nikasikia mlio wa kubanduka, kama plasta inayong'olewa kwenye mkono wenye nywele. Nikaiachia palepale.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja, na kwa kuwa watu huniuliza mara kwa mara wanunue mkoba gani, bora niuandike. Mkoba wa kubebea picha na jalada la kuhifadhia picha ni vitu viwili tofauti. Madukani vinapewa jina moja na kupangwa rafu moja, na ndiyo maana tunachanganyikiwa. Mkoba umeshonwa kwa ajili ya safari: usimame wima, uhimili mvua, ufungwe usimwage kitu. Jalada kazi yake ni kulala. Linalala miaka, na muda wote huo lisiidhuru karatasi. Ukinunua la safari ukalitumia kulalia, usishangae ukikuta nilichokikuta mimi.

Kwa hiyo kabla ya kuangalia mkoba wowote, chukua futi uingie uvunguni. Karatasi kubwa inataka kulala bapa, na nyumba nyingi zina sehemu tatu tu za kulaza kitu chenye upana wa karibu mita: juu ya kabati, ndani ya kabati la droo bapa kama zile za ramani (ukibahatika kuwa nalo), na chini ya kitanda. Kwa wengi wetu uvungu ndio unaoshinda. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye ubao ulio chini kuliko zote, usipime hadi kwenye fremu ya pembeni inayoonekana, kwa sababu katikati huwa kuna ubao wa kushikilia chaga ambao haukumbukwi mpaka jalada lipya limegoma kuingia. Pima pia nafasi ya kulivuta nje bila kugonga ukuta wa pili. Ukishapata mahali, weka vipande vya mbao chini ili jalada lisikae moja kwa moja sakafuni. Maji yakimwagika, hizo sentimita tano zitakuokoa.

Sehemu ya kukwepa ni dari, bafuni, na ukuta wa nje unaotoa jasho. Wahifadhi wa karatasi hupenda unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 35 na 50 hivi, na ukipita 65 kuvu huanza kupata matumaini. Kinachoumiza zaidi ni kupanda na kushuka. Karatasi hunyonya unyevu ikatanuka, hukauka ikasinyaa, na ikirudia hivyo kila wiki mwishowe inakuwa na mawimbi. Unyevu huohuo huwaalika vile vidudu vya rangi ya fedha, visivyo na mbawa, vinavyotimua mbio ukifungua kitabu cha zamani. Vinapenda wanga na gundi iliyomo kwenye karatasi, na havijali picha imesainiwa na nani.

Ukubwa nao una mtego. Mkoba wangu uliandikwa A1, na mimi nilidhani A1 ni neno lingine la "kubwa". A1 ni sentimita 59.4 kwa 84.1. Mabango mengi yanayouzwa kwa vipimo vya inchi ni 24 kwa 36, yaani kama 61 kwa 91.4. Yamezidi kwa upana, yamezidi kwa urefu. Bango la sinema la Kimarekani la inchi 27 kwa 40 linakaribia sentimita 69 kwa 102, na hilo hata usijaribu. Nilichofanya ni kukunja kona kidogo "kwa muda" ili zipu ifunge, na ule muda ukawa mwaka. Sasa ninapima karatasi yangu kubwa kuliko zote, ninaongeza sentimita mbili au tatu kila upande, ndipo ninatafuta jalada ambalo nafasi yake ya ndani inafika hapo. Ya ndani, nasisitiza, maana kuna wanaoandika kipimo cha nje, mshono na yote.

Je, ndogo ziwekwe na kubwa? Zinaweza, ila zikiachwa huru zitateleza huku na huko na kona zake zitachapa picha ya jirani. Mimi hukata karatasi safi isiyo na asidi iwe na ukubwa wa jalada lenyewe inapokunjwa katikati, kisha naiweka picha ndogo ndani ya mkunjo huo. Kwa nje zote zinakuwa na kimo kimoja, na hakuna inayocheza.

Uzito watu huudharau. Karatasi ya A0 ina eneo la mita mraba moja, kwa hiyo A1 ni nusu yake. Kama picha zako zimechapwa kwenye karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita mraba, kila A1 ina gramu 150. Thelathini zinafika kilo nne na nusu kabla hujahesabu mifuko ya plastiki na mbao za jalada. Uzito huo ukining'inia kwenye pete za chuma, kama zilivyo zile jalada za mifuko ya kufunua kama kitabu, mashimo hupasuka polepole, na karatasi ya chini kabisa huwa imewabeba wenzake wote. Mimi sizidishi ishirini na tano kwa jalada moja. Hakuna sheria inayosema hivyo, ni mgongo wangu tu ninapolivuta kutoka uvunguni.

Sasa nirudi kwenye ile harufu, maana ndiyo iliyonifundisha mengi. Mifuko ya mkoba wangu ilikuwa ya PVC, jamii ya plastiki inayotengenezewa mabomba. Ili bomba gumu ligeuke mfuko laini, PVC huchanganywa na mafuta ya kuilainisha, na mafuta hayo hayatulii. Yanatoka taratibu, yanahamia kwenye chochote kinachogusana na plastiki, yanalainisha wino. Ndivyo wino mwekundu ulivyogeuka gundi. Na PVC ikizeeka hutoa tindikali, ambayo ni adui wa karatasi. Nilitaka kuhakikisha, nikafanya jaribio la zamani la wanakemia, nje ya nyumba, kwa kipande kidogo kama ukucha. Unaushika waya wa shaba kwa koleo, unauchoma mpaka uwe mwekundu na moto usiwe na rangi ya ajabu, unaugusisha kwenye plastiki ili kidogo kinate, kisha unaurudisha motoni. Ndimi za moto ziligeuka kijani, kijani cha kupendeza kwa kweli. Kijani hicho ni cha klorini. Moshi wake usiuvute, na usifanye jikoni.

Plastiki ninazoziamini ni polipropilini, polithini na poliesta safi. Hazinuki, hazina mafuta ya kulainishia. Poliesta ndiyo angavu na imara kuliko zote, lakini huchaji umeme tuli, kwa hiyo mchoro wa mkaa au wa pasteli usiuweke humo: vumbi la rangi litahama kutoka kwenye karatasi na kwenda kwenye plastiki. Neno lililoandikwa kwenye kifungashio, kwamba mfuko ni wa "kuhifadhi kumbukumbu" au "salama kwa sanaa", mimi silihesabu kitu. Yeyote anaweza kuliandika. Ninatafuta jina la plastiki, na kama halijatajwa naurudisha mfuko rafuni. Kwa picha za kupiga kwa kamera kuna kipimo chenye maana zaidi, kiwango cha kimataifa cha ISO 18916, kinachojaribu kama kifungio kitaifubaza au kuitia madoa picha.

Usisahau kile kikaratasi cheusi kinachowekwa katikati ya mfuko ili picha mbili ziegemeane migongo, wala boksi, yaani kadibodi ngumu, la jalada lenyewe. Boksi la kawaida limejaa lignini, ile gundi ya asili ya mti, ambayo ikizeeka hutoa asidi na kuifanya karatasi iwe ya kahawia na kukatika kama mkate mkavu. Boksi zuri huondolewa lignini na kuongezewa kalsiamu kaboneti, chokaa kwa lugha ya mtaani, ili imeze asidi itakayokuja. Kuna kalamu ya kupimia: unachora mstari kwenye kona ya boksi, ukiwa zambarau uko salama, ukiwa njano kuna asidi. Alama yake haifutiki, kwa hiyo usiijaribu kwenye picha. Ila angalizo moja: picha za buluu za sayanotaipu, zile zinazochapwa kwa mwanga wa jua, hazipatani na chokaa. Buluu yake hufifia ikikaa kwenye alkali, na hizo zitafutie karatasi isiyo na asidi wala chokaa.

Baada ya yote hayo, nilichokuja kukitumia ni kitu cha kale kuliko zipu: mbao mbili za boksi zuri, zimeunganishwa kwa kitambaa upande mmoja, zina vifuniko vitatu vya kukunjia ndani kuzuia vumbi, na zinafungwa kwa utepe wa pamba. Hakuna mpini. Halipendezi mtaani, na likisimamishwa linafanana na mlango uliong'olewa. Lakini linafunguka bapa mezani, na hapo ndipo penye siri yake. Picha unainyanyua kwa mikono miwili kwenye kona zinazokabiliana, huivuti ikapita kwenye meno ya zipu. Kati ya picha na picha naweka karatasi nyembamba laini isiyo na asidi. Sina plastiki kabisa kwa chapa zenye wino mzito, hata ile nzuri. Zile zilizochapwa kwa printa ya wino naziacha wazi siku moja au mbili kwanza, kwani wino mpya bado unapumua, na ukiufungia ndani unaacha ukungu kwenye plastiki.

Anayetaka kwenda hatua moja mbele anunue sanduku la Solander, lenye kifuniko cha bawaba kinachofunguka kama kitabu na kulala bapa. Linahusishwa na Daniel Solander, mtaalamu wa mimea kutoka Sweden aliyesafiri na James Cook, nahodha Mwingereza mvumbuzi wa bahari, na kufanya kazi British Museum hadi alipofariki mwaka 1782. Makumbusho bado yanalitumia. Napenda kwamba katika karne hizi zote hakuna aliyeona haja ya kulitia mkanda wa begani.

Kuna watakaonipinga. Wa bomba la kadibodi, kwa mfano, wanaoviringisha kila kitu. Bomba ni la posta. Karatasi ina kumbukumbu, na ikikaa miezi imeviringika, siku ukiitaka itajiviringisha yenyewe mbele ya wageni. Ikikulazimu, tumia bomba nene, zaidi ya sentimita kumi, na uviringishe kwa nje yake kisha ufunike, kuliko kusukumiza ndani ambako kona huumia. Kwa wanaoonyesha wateja kazi zao kila wiki, jalada la mifuko ya polipropilini ni halali yao, sibishani nalo. Vidole vya wateja vina jasho, bora viguse plastiki. Ila humo wangeweka nakala za kuonyesha, zile wanazoweza kuchapa tena.

Kwa nje ya kila jalada nimebandika orodha yenye picha ndogo za simu za kilichomo, kwa mpangilio uleule. Inapunguza kufunguafungua. Majina nayaandika nyuma ya karatasi kwa penseli laini, ukingoni, kamwe si kwa kalamu ya wino.

Ile chapa nyekundu sikuwahi kuitoa. Nilikata mfuko kuizunguka kwa mkasi, nikaacha kipande cha plastiki kilichong'ang'ania usoni pake, nikaiweka kwenye jalada la peke yake, mbali na nyingine. Mara moja moja naikagua. Plastiki imeanza kupata rangi ya njano pembeni, na wino chini yake bado unang'aa kama umemwagwa asubuhi ya leo.