Mtihani wa utengamao: cha kukariri na cha kushika kwa mkono

Madaktari wanaosomea ubingwa wa tiba ya utengamao, yaani ya kumrudishia mgonjwa uwezo wa kutumia mwili wake baada ya jeraha au ugonjwa, hukutana na mitihani ya aina mbili: maswali ya kuchagua jibu, na mtihani wa ana kwa ana. Bodi ya Marekani ya taaluma hii, iliyoanzishwa 1947, hutumia yote miwili, wa kompyuta kwanza na wa mdomo baadaye. Wengi huulaumu ule wa kwanza kwamba unapima kumbukumbu tu. Wana hoja, ila naona lawama imeelekezwa pasipo mahali pake.

Mchukue mtu aliyeumia uti wa mgongo shingoni, mikono na miguu imepooza. Ghafla kichwa kinamgonga vibaya, uso umeiva, jasho linamtoka usoni na shingoni ilhali miguu ni mikavu na ya baridi. Shinikizo la damu ni 140 kwa 90. Daktari asiyejua ataona si jambo la kumtisha. Lakini mgonjwa wa namna hii namba yake ya juu, akiwa katika hali yake ya kawaida, mara nyingi huwa kati ya 90 na 110, kwa hiyo hiyo 140 ni dharura. Inaitwa disrefleksia ya otonomia, na huwapata hasa walioumia uti wa mgongo ngazi ya T6 (ya sita ya kifuani) au juu zaidi. Kibofu kimejaa, mishipa ya damu chini ya jeraha inabana, na amri ya ubongo ya kuilegeza haipiti. Unamkalisha wima, unalegeza nguo na mikanda, kisha unaufuata mpira wa mkojo kwa vidole kutoka mwilini hadi kwenye mfuko, ukitafuta ulipojikunja au kuziba. Mkojo ukiwa unapita vizuri, unafikiria choo kilichogandamana. Ukichelewa, mishipa inaweza kupasuka kichwani.

Hapo hakuna nafasi ya kupekua kitabu. Swali linalomlazimisha mtahiniwa kujua maana ya 140 hiyo limefanya kazi ya maana, na kujipima kwenyewe husaidia kukumbuka: mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha kuwa wanafunzi waliojipima walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma tu. Tena mtihani wa kuchagua jibu hugusa mada nyingi kwa siku moja, na haujali sura wala lafudhi ya mtu.

Udhaifu wake uko kwingine. Mwandishi wa swali ameshampima mgonjwa kwa niaba yako. Anaandika kwamba kiwiko cha mgonjwa wa kiharusi "kinanasa kikikunjuliwa haraka, kinanyooka kikikunjuliwa polepole", halafu anauliza tiba. Sehemu ngumu imekwisha kufanywa! Kitandani unashika mkono wa juu kwa kiganja kimoja na kifundo cha mkono kwa kingine, unakunjua taratibu, kisha kwa kasi, na unasikiliza kwa mikono. Ukikuta unagota palepale kwa mwendo wowote, huenda misuli yenyewe imefupika, na sindano ya sumu ya botulini, inayolegeza misuli iliyokakamaa, haitairefusha. Kipimo cha Ashworth kilichorekebishwa, cha kupima ukakamavu wa misuli, kilichochapishwa 1987, kina madaraja ya 0 hadi 4, pamoja na lile la 1+ ambalo kila mtahiniwa hulikariri. Peke yake hakitenganishi vizuri misuli iliyokakamaa na iliyofupika.

Kuna jambo zito zaidi. Wapo wagonjwa ambao ukakamavu wa mguu ndio unaowasimamisha wanapohama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Ukiuondoa, goti linalegea na wanaanguka. Jibu sahihi la tiba, basi, haliwezi kujulikana kabla ya kumuuliza mgonjwa anahamaje na anataka kufanya nini. Karatasi inayotaka herufi moja mara nyingi haimpi mtahiniwa nafasi ya kuuliza.

Mtihani wa ana kwa ana humpa nafasi hiyo, lakini nao una kasoro zake. Mtahini mmoja ni mkali, mwingine mpole, na kufaulu kisa kimoja hakutabiri sana utakavyofanya kwenye kisa kingine. Ndiyo maana Harden, mwalimu wa udaktari, na wenzake walipendekeza mwaka 1975 mtihani wa vituo vingi vifupi, mtahiniwa akipita kwenye visa na watahini mbalimbali. Ni njia nzuri, ila inahitaji watu wengi na fedha nyingi, na mabingwa wa utengamao ni wachache sehemu nyingi za dunia.

Kwa hiyo ningebakiza maswali ya kuchagua kwa dharura na mambo ya msingi, na kwa mengine ningebadilisha uandishi wake. Usimpe mtahiniwa matokeo ya uchunguzi. Mwambie kiwiko kimekunjika, mgonjwa anashindwa kuvaa shati, kisha mwachie karatasi tupu aandike atashika wapi, atakunjua kwa kasi gani, na atamuuliza mgonjwa nini kabla ya kuandika dawa yoyote.