Kibarua cha jioni cha mhandisi wa programu: tatizo ni usiri

Mikataba mingi ya ajira ya wahandisi wa programu jijini Nairobi ina kifungu kinachomkataza mwajiriwa kufanya kazi nyingine ya malipo bila idhini ya maandishi, idhini ambayo ni nadra kutolewa. Waajiri wanaokitetea wana hoja ya kweli. Mhandisi aliyekesha akimalizia mfumo wa mteja wake huingia ofisini akiwa amechoka, na madhara ya uchovu huo hayaonekani siku hiyohiyo. Huonekana wiki kadhaa baadaye, pale kosa alilolipitisha bila kulikagua linapoangusha huduma. Wanahofia pia siri za biashara kumfikia mshindani, na hofu hiyo ni halali.

Hata hivyo, katazo la jumla linamsahau mteja mdogo. Sacco ya matatu, shule ya binafsi au zahanati ya mtaani inataka malipo ya M-Pesa yaingie moja kwa moja katika vitabu vyake kupitia Daraja, mlango ambao Safaricom imewafungulia watengenezaji wa programu. Tuseme kazi hiyo ni ya saa 40 mwanzoni, kisha saa chache kila mwezi. Taasisi ya namna hiyo haina kazi ya kumshughulisha mhandisi mwezi mzima, wala haina mshahara wa kumlipa. Ikimkosa mtu wa jioni na Jumamosi, itabaki na karani anayelinganisha jumbe za simu na daftari, mmoja baada ya mwingine.

Mteja huyu hapatikani kwa kushindana na maelfu ya watu kwenye Upwork, mtandao wa kutafutia vibarua ambao kwa miaka kadhaa, hadi 2023, ulikata asilimia 20 ya dola 500 za mwanzo kwa kila mteja. Hupatikana kwa mweka hazina mmoja kumweleza mwenzake, na anayejificha kwa mwajiri wake hawezi kutajwa hadharani.

Usiri huuma zaidi baada ya mfumo kuanza kazi. Mwanachama akilipa, M-Pesa hutuma jibu la muamala kwenye seva ya Sacco. Jibu hilo lisipopokelewa, pesa zimekwisha kutoka katika simu yake ilhali vitabu havionyeshi kitu. Hitilafu hiyo haingoji jioni. Hutokea saa nne asubuhi, mhandisi akiwa katikati ya kikao cha mwajiri wake. Aliyeficha kibarua chake hawezi kuomba hata nusu saa, kwa hiyo ama atasingizia ugonjwa, ama atamwacha mweka hazina peke yake mbele ya madereva waliokwisha kulipa na kuambiwa hawajalipa. Aliyeruhusiwa huweka masharti mapema: mteja ajue kwamba msaada wa mchana haupo, utaratibu wa kulinganisha malipo kwa mkono uandikwe, na awepo mhandisi wa pili anayeufahamu mfumo. Mwajiri naye hupata mfanyakazi asiyelazimika kumdanganya.

Kuhusu umiliki, kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humpa mwajiri haki ya kazi iliyofanywa katika utekelezaji wa ajira, na humpa aliyeagiza haki ya kazi aliyoiagiza, isipokuwa pande hizo zikikubaliana vinginevyo. Msimbo ulioandikwa Jumamosi, kwa kompyuta yako na kwa agizo la Sacco, ni vigumu kuuita wa mwajiri; lakini bila maandishi, si wako pia. Wahandisi wengi hulisahau hili la pili, wakauza mfumo uleule kwa Sacco nyingine.

Kampuni inayoendesha mifumo ya benki ina sababu ya kuwazuia walio katika zamu ya dharura. Kwa waliosalia, tamko la ukurasa mmoja lingetosha: mteja ni nani, saa ngapi kwa wiki, kwamba hashindani na mwajiri, na kwamba vifaa vya ofisi havitatumika.