Ameshashonwa, sasa ana msongo wa nini?

Kuna picha mbili ambazo kila anayefuatilia habari za afya hapa kwetu amezizoea. Kushoto mtoto mchanga mwenye mdomo wazi, ule ambao mtaani wanauita mdomo sungura. Kulia mtoto yuleyule baada ya kushonwa, mama yake kampakata, anacheka. Hadithi huishia hapo. Picha ya tatu sijaiona bado: mtoto huyo akiwa na miaka 34, kachomekea shati la kazini, yuko kwenye foleni ya benki anarudia kimoyomoyo sentensi atakayomwambia karani.

Huyo wa picha ya tatu ninaye nyumbani. Ni mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alizaliwa na mdomo wazi pamoja na kaakaa wazi. Alishonwa akiwa mdogo na walimshona vizuri. Limebaki kovu, pua imelalia upande kidogo, amefuga sharubu ambazo hazioti pale penye kovu, na anaongea kwa king'ong'o.

Hicho king'ong'o wengi tunakichukulia juujuu. Kaakaa lisipofunga sawasawa, hewa inatorokea puani. Sauti za m na n hazimpi tabu, maana zenyewe ni za puani. Kazi iko kwenye p, b, t, k, s na sh, zinazotaka hewa ibanwe kinywani kwanza. "Baba" inamtoka karibu kabisa na "mama". Sasa mpandishe daladala. Neno analotakiwa kulitamka kwa sauti, watu arobaini wakisikia, ni "shusha". Anakaa jirani na Shekilango, jina ambalo limebeba sh na k kwa pamoja. Mara kadhaa nimemsikia akimwambia konda "Mori", anashuka huko, kisha anatembea kwa miguu hadi kwake. Mwanzoni nilidhani ana mtu wa kumpitia.

Wapo wanaosema pesa na nguvu zote ziende chumba cha upasuaji, na hoja yao ni nzito. Shirika la Smile Train, lililoanzishwa mwaka 1999, limegharamia upasuaji zaidi ya milioni 1.5 duniani kwa kuwawezesha madaktari wa nchi husika, na familia hailipi kitu. Mtoto mwenye kaakaa wazi hawezi kunyonya vizuri, anakonda, wengine hufa kabla ya kufikishwa popote. Ukiwa na fedha za kumtosha mmoja, kati ya kichanga kisichonyonya na mtu mzima anayeona haya kupiga simu, nani atakulaumu ukikichagua kichanga? Mimi simo.

Ugomvi wangu uko kwenye sentensi inayofuata, ile ya "ameshashonwa", kana kwamba uzi umefunga na shauri. Duniani hukadiriwa kwamba mtoto mmoja kati ya 700 huzaliwa na hali hii. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Ukigawa unapata kama 88,000. Makadirio ya Afrika huwa chini ya hapo, na wengine hawakuvuka utoto, basi kata nusu: 44,000. Hao wanajaza karibu robo tatu ya Uwanja wa Mkapa. Hata kama nimekosea kwa maelfu, uwanja huo una watu wazima wengi tu, wana kazi, wana wachumba, wana vikao vya harusi wanavyotakiwa kusimama na kutoa ahadi. Tuna mtaalamu wa tiba ya matamshi kwa wangapi wao?

Hoja ya pili ni ya kisomi zaidi na ndiyo inayonikera, kwa sababu nusu yake ni kweli. Inasema msongo wa watu hawa uko kichwani mwao: wanategemea kudharauliwa, kwa hiyo wanaona dharau kila mahali. Ushahidi unaotajwa sana ni jaribio la mwaka 1980 la Kleck na Strenta wa Chuo cha Dartmouth, Marekani. Washiriki walichorwa kovu usoni kwa vipodozi, wakaoneshwa kwenye kioo, wakaambiwa wataenda kuzungumza na mtu asiyewajua. Kabla hawajaingia, mtafiti akawapaka kitu akidai ni cha kuzuia kovu lisipasuke. Kumbe alikuwa analifuta. Waliingia na nyuso zao za kila siku. Walipotoka, wakaeleza jinsi yule mtu alivyokuwa amekakamaa, alivyowaonea huruma ya kuwadhalilisha. Kovu halikuwepo.

Jaribio tamu, hasa kwa asiyetaka kubadilika. Ukilisoma harakaharaka unasema: unaona? Wanajitungia. Lakini hebu tulikalie kidogo. Wale hawakuwa watu waliozaliwa na tofauti usoni. Walikuwa na nyuso za kawaida, wameazimwa kovu kwa muda mfupi. Walijuaje namna mtu mwenye kovu anavyoangaliwa? Hakuna aliyewahi kuwaangalia hivyo. Mimi ninavyoona, walijua kwa sababu wao wenyewe wamewahi kumwangalia mtu hivyo. Waliingia chumbani wakiogopa macho yao wenyewe. Kama kuna akili za kulaumiwa hapo, ni za kwetu sisi tuliozaliwa na midomo mizima.

Na barabarani mambo hayako kichwani. Mwaka 1982 nchini Uingereza, Nichola Rumsey na wenzake walimsimamisha mtu mahali pa umma, mara akiwa na uso wake, mara akiwa amepakwa vipodozi vya kuiga alama ya kuzaliwa, wakapima watu wanasimama umbali gani kutoka kwake. Alama ilipokuwepo watu walisimama mbali zaidi, tena upande wa shavu lisilo na alama. Hatua hizo alizipima mtafiti, hazikusimuliwa na mwenye alama. Mdogo wangu ameishi na hatua hizo tangu alipoanza kutembea. Akitegemea kwamba mtu wa tatu atasogea kama walivyosogea wawili wa mwanzo, hiyo mimi naita kumbukumbu.

Nilisema nusu ya hoja ni kweli, nisiikimbie. Watafiti wamekuta mara nyingi kwamba ukubwa wa tofauti usoni hautabiri vizuri ukubwa wa msongo. Mwenye kovu dogo anaweza kuelemewa kuliko mwenye kubwa, na namna mtu anavyoitafsiri hali yake ina uzito. Ushauri nasaha unasaidia. Mazoezi ya namna ya kukutana na watu yanasaidia pia, na mwenye sifa katika hili ni Mwingereza James Partridge. Hakuzaliwa na tofauti, aliungua katika ajali ya gari mwaka 1970 akiwa na miaka 18. Mwaka 1992 akaanzisha shirika la Changing Faces, na Novemba 2009 akasoma habari za mchana kwenye televisheni ya Channel Five kwa wiki nzima, uso wake ukiwa mbele ya taifa. Alifundisha watu wasingoje kuangaliwa: wewe anza, mtazame mtu machoni, msalimie. Kwetu hiyo ingepaswa kuwa rahisi, salamu zetu ni ndefu na kila mtu anajua zamu yake. Kisha unakumbuka kwamba salamu ya kumwanzia mkubwa ni "shikamoo", na humo ndani kuna sh na k.

Vitabu vya saikolojia, kwa mgawanyo wa Lazarus na Folkman wa mwaka 1984, hutenganisha kulikabili tatizo lenyewe na kuzituliza hisia linazozizaa. Kukwepa mara nyingi huandikwa upande wa udhaifu. Kushuka Mori utakuandika wapi? Ni kukwepa, sibishi. Ila pia ni kupima gharama: mwendo wa miguu ni bei rahisi kuliko daladala zima kugeuza shingo, jioni, ukiwa umechoka. Kazini anatuma maandishi badala ya ujumbe wa sauti. Mwaka wa barakoa, aliniambia, ulikuwa mwaka wake mzuri wa kwenda benki. Simwoni kama mtu aliyeshindwa. Namwona kama mwenye bajeti ndogo anayejua pa kuitumia. Ushujaa anautunza kwa vikao vya kazini, ambako ananyoosha mkono na kuongea hadi amalize, na wenzake wameshazoea kusikiliza.

Wazee wetu nao wana lao. Mtoto akicheka mwenye kilema anaambiwa "hujafa hujaumbika". Nia ni njema na kicheko kinakatika. Lakini mwenye uso amesimama palepale, anasikia akitajwa kama ajali inayoweza kumpata mtu yeyote.

Nilimsomea mdogo wangu sehemu ya makala haya kabla sijayamaliza. Hakukubaliana nami kwenye pesa. Alisema kama angekuwa yeye ndiye mwenye fungu, angeshona watoto wote kwanza, mpaka wa mwisho, ndipo afikirie mambo ya wakubwa. Nikamuuliza, na nyinyi je? Simu yake ilikuwa mkononi. Akaandika kitu, yangu ikalia mfukoni ingawa tulikuwa tumekaa benchi moja.

"Mi mbona Mori nimeshapazoea."