Anga likishaungua, editi haitakusaidia

Jamani naomba niseme hili la picha za mandhari za huku kwetu Mtwara maana linaniuma muda mrefu. Mtu anaamka alfajiri, anateremka mpaka Shangani, bahari imetulia, ngalawa zipo, jua ndo linachomoza, anapiga picha mia, halafu akiposti anga lote jeupe pee na maji kayatia bluu ambayo huku haipo.

Mimi naona tatizo halianzi kwenye editi, linaanza pale pale ulipobonyeza. Sehemu ikishaungua, yaani mwanga umezidi mpaka sensa ya kamera, kile kinachopokea mwanga, imejaa, pale hamna kitu tena, hata uvute vipi kwenye programu za kuediti kama Lightroom au Snapseed utapata kijivu tu. Giza ni tofauti, gizani huwa kuna kitu kimebaki unaweza kukinyanyua. Kwa hiyo ukielekea jua punguza eksposha, yaani mwanga unaopokelewa na kamera, stopu moja au hata mbili (kila stopu inakata mwanga nusu), cheki histogramu, ile grafu ya mwanga ambayo kushoto ni giza na kulia ni mweupe, isigonge ukuta wa kulia, ngalawa zikitoka nyeusi utazishughulikia nyumbani. Na piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, kama kamera au simu yako inayo, JPEG, lile faili la kawaida la picha, inabeba ngazi 256 tu kwa kila rangi wakati RAW ya biti 14 inabeba 16,384, ndo maana JPEG ukiivuta kidogo anga linaanza kufanya mistari mistari.

Ila Msimbati, ule ufukwe wa mchanga mweupe, ni kinyume chake. Mara ya kwanza nimeenda kule, saa nne asubuhi, mchanga wote ulitoka kama simenti nikadhani lenzi imeharibika. Kumbe mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake, inachukulia kila kitu ni kijivu cha kati, ikikutana na mchanga mweupe inaona mwanga umezidi inaukandamiza. Pale unaongeza eksposha, +1 hivi, yaani stopu moja, huku jicho liko kwenye histogramu, na mchanga unarudi vile ulivyouona.

Kuediti sasa. Naanza na wait balansi, yaani kurekebisha rangi ya mwanga ili nyeupe iwe nyeupe, nashusha pale palipong'aa sana, nanyanyua vivuli kidogo, naacha. Saturesheni, yaani ukali wa rangi, naigusa mwisho na mara nyingi siigusi kabisa.

Na hivyo vivuli ndo ugomvi wangu mkubwa. Huku tuko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, jua linashuka karibu wima, ule mwanga wa dhahabu haukai, ukichelewa kufunga tripodi umeukosa. Jioni yetu ni fupi na ina giza lake. Mkorosho saa kumi na mbili unatakiwa uwe na giza chini, matawi yameinama mpaka karibu na ardhi, wewe ukinyanyua kivuli chote mpaka majani makavu ya pale chini yahesabike umeshaiua jioni yenyewe, imekuwa saa saba mchana yenye anga la machungwa.

Nina picha moja ya mkorosho niliipiga njia ya Newala, nimeiediti mara tatu mpaka leo, na kila nikiifungua narudisha giza kidogo.