Msanifu majengo apaze sauti au akae mezani?

Jengo linapoporomoka Nairobi, viongozi wa wasanifu majengo huwa miongoni mwa watu wa kwanza kuulizwa: mlikuwa wapi? Ndani ya taaluma yenyewe swali hilo limegawa watu. Wapo wanaotaka chama chao, AAK, kilichoanzishwa mwaka 1967, kijitokeze hadharani kila kaunti inapoidhinisha jengo lisilofaa, na ikibidi kiende mahakamani. Wapo pia wanaoamini kwamba kiongozi wa taaluma hufanya makubwa akiwa kwenye kamati, na kwamba makelele humfungia mlango.

Hawa wa pili wana hoja nzito. Nchi hii iliendesha ujenzi wake kwa kanuni za mwaka 1968 kwa zaidi ya nusu karne. Kanuni mpya za kitaifa za 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025, hazikuletwa na taarifa kwa wanahabari. Zilitokana na vikao vya miaka mingi vya kupitia rasimu, kazi ya kuchosha isiyompa mtu sifa gazetini. Halafu kuna tumbo. Msanifu anayeikosoa kaunti leo ndiye atakayepeleka michoro ya mteja wake kwa kaunti hiyohiyo kesho. Faili ikikwama, mteja anaendelea kulipa riba ya benki, na safari ijayo atatafuta msanifu mwingine. Si haki kuuita huo woga mtupu.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo kamati haiwezi kuyasema, na mkazi wa kawaida hana ujuzi wa kuyaona. Mwongozo wa matumizi ya ardhi wa jiji wa 2004 uliweka Kilimani na Kileleshwa kwenye kikomo cha ghorofa 4. Leo kuna majengo ya ghorofa 15 na zaidi mitaani humo. Chukua ploti ya nusu ekari iliyokuwa na nyumba moja ya familia ya watu 6. Weka hapo ghorofa 15, kila moja na nyumba 6, kila nyumba na watu 3: umepata watu 270. Kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku, lita 27,000 zinaingia kwenye bomba la majitaka lililopimwa kwa familia moja. Jirani ataliona tatizo siku majitaka yatakapofurika langoni kwake. Msanifu analiona kwenye karatasi kabla msingi haujachimbwa. Akinyamaza, hakuna mwingine wa kulisema mapema.

Kwa hiyo nakubaliana na wanaotaka sauti, ila naona wanaanzia mahali pasipo pagumu. Pagumu ni mhuri.

Sura ya 525 ya sheria za Kenya inalinda jina la msanifu: asiyesajiliwa na bodi, BORAQS, haruhusiwi kufanya kazi kwa jina hilo. Kaunti nayo hupokea michoro yenye mhuri wa aliyesajiliwa. Biashara mbaya imezaliwa hapo katikati. Ramani inachorwa na mtu asiyesajiliwa, kisha anatafutwa mwenye mhuri, anapiga, analipwa, na ploti yenyewe haijui. Hata pale michoro ni ya msanifu kweli, wenye ploti wengi hulipia hatua ya kupata kibali tu, kisha usimamizi wanamwachia fundi.

Yanayofuata si siri kwa aliyekaa kwenye ujenzi. Zege iliyopangwa kwa daraja la 25, yaani kipimo cha nguvu yake, inaongezwa maji ili imiminike kwa urahisi, na nguvu inashuka. Vipande vya zege vya majaribio vya milimita 150, vinavyopaswa kuvunjwa maabara siku ya 7 na ya 28, havitengenezwi kabisa. Vyuma vinalazwa juu ya mbao bila vitegemeo, vinabaki nje upande wa chini wa slabu na kuanza kushika kutu. Nguzo za miti zinazoshikilia slabu zinaondolewa mapema kwa sababu zinahitajika ghorofa ya juu. Kisha mwenye ploti anaongeza ghorofa. Nguzo ya chini iliyopigiwa hesabu ya ghorofa 5, ikibebeshwa 8, imepata mzigo uliozidi kwa karibu asilimia 60. Katika mtaa wa Huruma, Nairobi, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa 6 ambalo lilikuwa tayari limeagizwa libomolewe liliporomoka na kuua karibu watu 50.

Chama hakina uwezo wa kumfuta mtu kwenye rejista. Hiyo ni kazi ya bodi. Lakini kiongozi wa chama anaweza kudai jambo moja linalopimika: kila kibali kichapishwe wazi, kikiwa na jina la msanifu, jina la mhandisi na idadi ya ghorofa zilizoidhinishwa. Mhuri uambatane na ripoti za ukaguzi: msingi kabla ya kumwaga zege, vyuma vya kila slabu kabla ya kufunikwa, na matokeo ya maabara. Ripoti ikikosekana, cheti cha kuruhusu watu kuhamia kisitolewe. Ubao wa mradi upo kwenye lango tayari. Ukiandikwa idadi ya ghorofa kwa herufi kubwa, hata mama muuza chai ataweza kuhesabu slabu na kujua imezidi.

Wanaopinga watasema hili litawaumiza wasanifu wadogo, ambao wateja wao wanajenga Kayole na Githurai kwa pesa za chama cha akiba na mikopo na hawako tayari kulipia usimamizi. Ni kweli, na ndiyo maana ada ya usimamizi haifai kuachwa kwenye mapatano ya watu wawili wasiolingana nguvu. Ilipwe pamoja na ada ya kibali, ishikiliwe, kisha itolewe kwa msanifu na mhandisi kidogokidogo kadiri ripoti zinavyowasilishwa. Mwenye ploti atalalamika kwamba gharama imepanda, na atakuwa amesema kweli. Hilo ndilo pendekezo ambalo kiongozi wa wasanifu anapaswa kulipeleka kwenye kamati na kulitetea redioni wiki hiyohiyo, huku wanachama wake wanaouza mihuri wakimsikia.